Budog Hainami

Budog aliinama mbele ya Nonna, na kwa mwaka mzima kijiji chetu kikawa kinaumwa mgongo.

Budog ni mtakatifu wetu sisi watu wa Kerlouzen. Nonna ni wa watu wa Tremaeg, ng'ambo ya ghuba. Katikati ya ghuba kuna kisiwa kidogo chenye kanisa la mawe, kondoo wachache na upepo mwingi. Maji yakijaa ni kisiwa kweli. Yakitoka, unakwenda kwa miguu juu ya mchanga, iwe unatoka kwetu au kwao. Siku ya Msamaha, katikati ya kiangazi, kila kijiji hutoka na bendera ya mtakatifu wake, mahameli mazito yenye nyuzi za dhahabu, na maandamano mawili hukutana mchangani chini ya kisiwa. Hapo wabebaji huinamisha bendera mpaka vichwa vyake vigusane. Tunasema watakatifu wanabusiana. Wakishabusiana, watu nao husameheana ya mwaka mzima, kisha wote hupanda kanisani.

Kwingine katika pwani yetu, kuanzia Roscoff mpaka Paimpol, jambo hili ni jepesi. Mgeni huinama kwanza, mwenyeji humfuata. Lakini kisiwa chetu si cha Kerlouzen wala si cha Tremaeg, basi mgeni ni nani? Padre wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga makofi mara moja na bendera zote mbili zikashuka pamoja. Alipofariki tukaletewa padre Menguy, kijana mpole kutoka bara, anayejua ng'ombe kuliko anavyojua maji. Yeye hakuambiwa habari za makofi. Alisema tu, "Karibuni, wapendwa," na papo hapo upepo ukampiga Budog mgongoni.

"Ulikuwa upepo!" baba alisema siku ile, na aliendelea kusema hivyo kila siku iliyofuata, hata kwa farasi.

Baba yangu, Tangi, ndiye mbeba bendera wetu. Watu wa Tremaeg hawakutaka kusikia habari za upepo. Sokoni Morlaix, baba akishusha vitunguu vyake garini, hakosi mmoja wao kupita na kumwuliza kwa sauti ya huruma, "Tangi, mgongo wa Budog haujapona tu? Msugueni siagi, bwana. Siagi ya chumvi ni nzuri kwa wazee."

Baba alikuwa akirudi nyumbani na vitunguu vyake nusu, kwa sababu hakuna anayenunua kwa mtu aliyenuna.

Mambo haya yangenipita pembeni kama si Edern.

Mimi si msemaji. Shule niliiacha darasa la tatu mama alipofariki, nikabaki nyumbani na baba na bibi, nikishona nyavu na kukusanya mwani wa kuchoma ili tuuze majivu yake. Nyavu ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi, hazimlazimishi mtu kujibu. Edern nilimjua kwenye mwani. Watu wa Tremaeg huvuna upande wao wa miamba, sisi upande wetu, na kuna mwamba mmoja katikati ambao kila mtu husema ni wake. Yeye alikuwa akivuna pale, nami pale. Alikuwa akiongea kwa niaba yetu sote wawili. Aliniuliza swali, akangoja kidogo, kisha akajijibu mwenyewe, na mara nyingi alijibu sawasawa.

Ila baba yake ni Biel, na Biel ndiye mbeba bendera wa Nonna.

Majira ya kuchipua Edern alikuja kwetu amevaa koti la Jumapili, ameshika keki ya siagi ambayo mama yake alioka. Bibi yangu, bibi Marjan, aliipokea keki kabla hajampokea Edern.

"Mzee Tangi," Edern akaanza, "nimekuja kuhusu Azenor."

"Najua umekuja kuhusu nini," baba akasema. "Na jibu ninalo. Siku Nonna atakapomwinamia Budog, mbele ya watu wote, siku hiyo njoo uchukue binti."

"Lakini mzee, baba naye kasema hivyohivyo. Kasema nioe Kerlouzen siku Budog atakapoinama mara ya pili."

"Mara ya pili? Mara ya kwanza ilikuwa lini?"

Edern alikuwa na akili ya kutosha.

"Ulikuwa upepo," akasema.

"Umesikia, mama?" baba akamgeukia bibi. "Hata wao wanajua!"

"Nimesikia," bibi akasema, mdomo umejaa keki. "Kijana ana adabu, na mama yake ana mkono. Wewe endelea kumkataa, mimi naendelea kula."

Kwetu uchumba hutangazwa siku ya Msamaha, pale kisiwani baada ya sala. Ukiikosa siku hiyo, unangoja mwaka. Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu Edern alinikuta kwenye ule mwamba wa katikati. Safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Binamu yangu kanipatia kazi bandarini Le Havre," akasema. "Mambo yasipokaa sawa siku ya Msamaha, kesho yake naondoka. Mwaka mwingine wa kusikiliza wazee hawa siuwezi. Lakini ukiniambia ningoje, nitangoja. Hata miwili." Akaniangalia. "Wewe Azenor, hujawahi kuniambia kitu kwa mdomo wako. Mimi najisemea tu. Siku moja nitakuwa nimejijibu vibaya."

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nalo hapa, chini ya ulimi. Nikasema mwani mwaka huu ni mrefu.

"Ndiyo," akasema Edern, "ni mrefu," na akaenda zake.

Asubuhi ya Msamaha bibi alinifunga kofia ya lesi kwa nguvu mpaka nyusi zikapanda. Kila bendera ina utepe mrefu wa hariri unaoning'inia kwenye pembe ya juu, na msichana huushika ili upepo usiichezee. Binamu yangu aliyeushika mwaka ule wa upepo aliachishwa kazi. Wazee walibishana nani ashike, na bibi akawakatiza.

"Mpeni Azenor. Hasemi, lakini mikono yake haiachii kitu."

Baba alikuwa amejizoeza mwezi mzima uani, akitembea na mlingoti wa mashua begani, mgongo umenyooka kama ukuta. Kuku walikwisha kumzoea.

"Leo, baba," nikajikaza kusema tulipokuwa tunashuka ufukweni, "ukiinama kidogo tu..."

"Budog hainami," baba akasema.

Nyuma yetu kijiji chote kikaimba. Mitalawanda iligonga mawe ya njia, kisha tukafika kwenye mchanga na sauti ikafa, zikabaki nyimbo peke yake. Jua lilikuwa kali. Maji yalikuwa mbali, na ilikuwa bamvua, siku ambayo bahari hutoka mpaka unadhani imehama, halafu hurudi kwa haraka kama mtu aliyesahau chungu jikoni. Mbele yetu Tremaeg nao walikuwa wanakuja, Nonna akimetameta katikati yao. Chini ya Nonna alikuwa Biel, mwekundu kama kaa. Utepe ulishikwa na Soaz, mdogo wake Edern, ambaye hucheka kila mahali, hata mazikoni. Edern alikuwa kando ya baba yake, amebeba msalaba. Alikuwa amevaa lile koti la Jumapili.

Tukasimama. Kati ya bendera na bendera palibaki nafasi ya gari la farasi kupita. Padre Menguy akasimama katikati akikunja mikono.

"Karibuni, wapendwa," akasema.

Hakuna aliyeinama.

Padre akakohoa. "Wapendwa, karibuni."

"Sisi tunawangoja wao," baba akasema.

"Na sisi tunawangoja nyie," Biel akasema. "Nonna ni mama. Mama hamwinamii kijana. Hiyo ndiyo adabu niliyofunzwa, sijui kwenu mlifunzwa ipi."

"Budog ni askofu!"

"Askofu hana mama?"

Wa Tremaeg wakashangilia. Mwanamke mmoja wa kwao akapiga kelele, "Tangi, mgongo vipi leo?"

"Mgongo wake uko sawa," bibi yangu akajibu kwa sauti iliyofika kisiwani, "ila masikio yake yamechoka na sauti yako, Fantig! Hata samaki wamehama kwa ajili yako!"

Sasa wa kwetu ndio walioshangilia. Padre akainua mikono yote miwili, akazungumza juu ya unyenyekevu, akazungumza vizuri sana. Watu walimsikiliza kwa heshima, na baba na Biel walimsikiliza kwa heshima kuliko wote, kila mmoja akimtikisia mwenzake kichwa, kwamba haya, umesikia, unaambiwa wewe.

Pale karibu na kisiwa kuna jiwe linaloitwa Nguruwe Jike, kwa sababu ya umbo lake. Watu wa pande zote mbili hawahitaji saa. Maji yakigusa mkia wa Nguruwe, unamaliza kazi yako. Yakigusa pua, unapanda kisiwani au unarudi nyumbani, na usibishane. Nilitazama. Mkia ulikwisha kulowa.

Kila mtu alikuwa ameona, maana hapa hata watoto wachanga humtazama Nguruwe. Hakuna aliyesema kitu. Atakayesema kwanza atakuwa ndiye aliyeogopa, na kijiji chake kitasikia habari hiyo sokoni Morlaix mpaka kiama. Ni padre tu aliyeendelea na unyenyekevu, maana wa bara hajui Nguruwe ni nini. Kisha maji yakamwingia kwenye viatu.

"Mungu wangu!" akasema. "Maji!"

"Ni ya kawaida, padre," baba akasema.

"Ni ya kawaida kabisa," Biel akasema.

Hilo tu ndilo walilokubaliana siku hiyo.

Maji yakafika kwenye vifundo vya miguu. Akina mama wakakunja sketi zao za sikukuu, akina baba wakawapandisha watoto mabegani. Vikapu vya chakula vikapanda vichwani. Nguruwe akabaki mgongo na pua.

"Biel," baba akaita, jasho linamtoka, "mahameli ya Nonna yataharibika, ujue."

"Ya Budog ni ya zamani zaidi. Yatatangulia kuharibika."

Nilimtazama Edern. Alikuwa ameuinua msalaba juu ya maji, na hakumtazama baba yake wala wangu. Alikuwa anaangalia mashariki, kule inakopita njia ya Morlaix, na gari moshi, na Le Havre. Nikaona kabisa kwamba amekwisha kuondoka, imebaki miguu tu kumfuata. Bendera zikirudi nyumbani bila kubusiana, hakuna msamaha, hakuna sala, hakuna uchumba wa mtu yeyote. Na mimi nitakuwa nimemwambia kwamba mwani ni mrefu.

Sijui niliondokaje mahali pangu. Nakumbuka maji yalikuwa baridi magotini na kwamba watu wote walinigeukia ghafla, vijiji viwili vizima, na uso wangu ukawaka moto mpaka masikioni. Nilitembea mpaka kwa Soaz huku nikivuta utepe wa Budog nyuma yangu. Mimi ambaye dukani humtuma bibi aniombee sindano.

"Nipe wako," nikasema.

Soaz akaacha kucheka, mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akanipa. Nikaunganisha tepe mbili kwa fundo la wavu, lile tunalofunga kwenye matundu makubwa, ambalo likilowa halifunguki mpaka kisu. Nikalikaza kwa meno.

"Azenor!" baba akaita. "Unafanya nini?"

"Nafunga," nikasema.

"Fungua!"

Akarudi hatua moja nyuma ili auvute utepe utoke mikononi mwangu. Utepe ukakaza, na Nonna akayumba mbele.

"Anainama!" Kerlouzen wakalia kwa furaha.

"Hainami!" Biel akanguruma, akajirudisha nyuma kwa nguvu zake zote. Budog akayumba.

"Budog anainama! Budog anainama!" Tremaeg nao wakalia.

"Hainami!"

Ikawa kama mashindano ya kuvuta kamba siku ya mavuno. Baba anavuta, Biel anavuta, watu wanapiga kelele, "Vuta! Vuta!" wengine wamesahau wanashangilia upande gani. Padre alikuwa ameshika kichwa. Hariri ya siku zile ilifumwa na watu wasiofanya mchezo, maana haikukatika. Na hakuna aliyeweza kuinama, na hakuna aliyeweza kurudi, na maji yalikuwa yanapanda mapajani.

Ndipo nikaenda katikati, chini ya fundo. Nikarukia juu, nikalishika kwa mikono miwili, nikaning'inia.

Mimi si mwepesi. Nimelelewa kwa chapati za ngano nyeusi na siagi. Milingoti yote miwili ikalia, wazee wawili wakapiga ukelele mmoja, na Budog na Nonna wakashuka kwa pamoja kutoka angani, vichwa vikagongana juu yangu, ko! Kofia yangu ya lesi ikaenda na maji. Mimi nikakaa chini baharini, maji mpaka kifuani, na mahameli mawili yakanifunika kama hema.

Kengele ya kisiwani ikaanza kulia. Mlinzi wa kanisa aliyekuwa juu aliona watakatifu wamebusiana, na kazi yake ni hiyo.

Baba na Biel walinyanyua bendera zao haraka, wakihema. Wakatazamana.

"Umeinama wewe kwanza," baba akasema.

"Wewe ndiye uliyeanza. Nimekuona kwa macho haya."

"Nyamazeni, majogoo nyie!" bibi Marjan akaja akipasua maji, kikapu kichwani, sketi mkononi. "Hakuna aliyeinama kati yenu. Aliyeinamisha ni huyu, na kaanza yeye. Mwulizeni yeye ni wa kijiji gani, basi hicho ndicho kilichoinama."

"Ni wa Kerlouzen!" Biel akadakia kwa furaha.

Baba akanigeukia. Nilikuwa bado nimekaa majini. Nywele zilikuwa zimenifunika uso, nikazisogeza. Alikuwa mwekundu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

"Azenor, mwanangu. Waambie. Wewe ni wa wapi?"

Vijiji viwili vikaningoja. Nikamtafuta Edern. Alikuwa hatazami tena mashariki.

"Mpaka asubuhi nilikuwa wa Kerlouzen," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, labda kwa sababu ya baridi. "Kuanzia leo ni wa Tremaeg pia. Kama Edern bado anataka. Mimi nataka."

Edern alimtupia padre msalaba. Sisemi alimpa, alimtupia, na padre aliudaka vizuri sana, lazima nimsifu. Akaja akaninyanyua.

"Rudia," akasema.

"Nataka. Usiniulize mara ya tatu, watu wote wananitazama."

"Nguruwe!" mtoto mmoja akalia kutoka mabegani mwa baba yake. "Nguruwe hana pua!"

Hapo kiburi kikaisha kwa kila mtu kwa wakati mmoja. Vijiji viwili vikakimbilia kisiwani, vikapu, watoto, wazee, mapipa madogo ya pombe ya tufaha, wa Kerlouzen wakiwavuta mabibi wa Tremaeg, wa Tremaeg wakibeba watoto wa Kerlouzen. Baba na Biel ndio waliopata taabu, kwa sababu fundo langu halikufunguka. Walilazimika kupanda mwinuko wote bega kwa bega, hatua kwa hatua, kila mmoja akichelea kumtangulia mwenzake na kila mmoja akichelea kubaki nyuma.

"Taratibu basi, Biel, utanivuta."

"Si unyanyue miguu, bwana!"

Bahari ilitufungia kisiwani hadi jioni. Sala ilikuwa fupi, padre alikuwa anatetemeka. Alitangaza uchumba wetu huku maji yanamtiririka kwenye kanzu, na aliposema "kama hakuna pingamizi," aliwatazama baba na Biel kwa namna ambayo sikudhani padre mpole anaijua. Hakuna aliyepinga. Baadaye tulikaa kwenye majani kati ya kondoo, tukala soseji zao na chapati zetu, na mama yake Edern akakata keki. Bibi akachukua kipande cha pembeni, chenye sukari iliyoungua, akasema alikuwa amekingoja tangu majira ya kuchipua.

Baba na Biel walikaa chini ya bendera zao zilizoanikwa ukutani mwa kanisa, pipa moja katikati yao.

"Ulikuwa upepo," nikamsikia Biel akisema. "Ule wa mwaka jana. Nakubali, kulikuwa na upepo."

"Mkali," baba akasema.

"Sikusema mkali."

Sasa niko Tremaeg, nyumba ya mwisho kabla ya ufukwe. Nikifungua dirisha naona moshi wa kwetu ng'ambo. Fundo lilikatwa kwa kisu cha bibi, na kila kijiji kimebaki na nusu yake kwenye utepe wake, maana hakuna aliyekubali kulifungua. Msamaha mwingine umekaribia. Jana baba alivuka mchanga kuja kuniambia kwamba utepe wa Budog ni wangu, kama kawaida. Biel alikuwa jikoni kwangu, akamwambia aache mzaha, mke wa mwanawe atashika wa Nonna. Wakaanza. Niliwawekea kahawa nikatoka nje kuangalia nyavu. Nikiwa pale nilifikiri kwamba nina mikono miwili, na kwamba itabidi niingie ndani niwaambie hivyo. Nikaingia, nikawaambia.

Wakaitazama mikono yangu.

"Mkono wa kulia ushike wa nani?" baba akauliza.